Ngazi ya Mwisho

Mahakama mpya ilikuwa na lifti, na lifti ndiyo iliyomponza Kamusi. Isingekuwepo, watu wote wangelalamikia ngazi na mkalimani kipofu angelalamika pamoja nao, mambo yakaisha. Lakini ilikuwepo, mpya, inang'aa kama sufuria ambayo haijaonja moto, na Msajili wa mahakama, mtu aliyesoma kanuni za zimamoto kama wenzake wanavyosoma kurasa za michezo, akauliza swali lisilo na jibu jepesi. Siku ya moto lifti haitumiki. Je, mkalimani atashukaje kutoka ghorofa ya pili?

Kamusi halikuwa jina lake. Alipewa na mawakili, kwa sababu katika miaka yote aliyosimama kati ya hakimu na shahidi hakuna aliyewahi kumkuta amekwama kwenye neno. Macho yake yaliondoka kama wapangaji wastaarabu, moja baada ya jingine, bila kelele. Katika mahakama ya zamani, jengo lisilo na ghorofa hata moja, jambo hilo halikumsumbua mtu. Alilijua jengo lile kama ulimi unavyoyajua meno. Fimbo yake nyeupe aliikunja mlangoni na kuitia mfukoni. "Fimbo ni ya barabarani," alikuwa akisema. "Humu ndani naingia na ulimi."

Msajili alimwita ofisini, akamvutia kiti, akaanza kuzungumza juu ya kustaafu kwa heshima.

"Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, Mheshimiwa," Kamusi alimjibu. "Nitajie siku ulimi wangu ulipojikwaa."

"Ulimi haushuki ngazi, Mzee."

"Basi nitaushusha mimi."

Wakakubaliana hivi: Ijumaa, siku ambayo jengo lingekabidhiwa, Kamusi angepanda mpaka chumba cha mahakama cha ghorofa ya pili na kushuka hadi mlango mkuu. Asishikwe na mtu, asielekezwe kwa neno. Sharti hilo alilitaka mwenyewe, kwa kiburi, na Msajili akalidaka kabla halijapoa. Akimaliza salama, anaendelea na kazi. Akijikwaa au akisaidiwa, anastaafu.

Jengo lilichorwa na mpwa wake, binti wa dada yake mdogo. Nyumbani walimwita Mbunifu, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa mazoea. Alikuwa mwanamke wa vipimo, asiyependa sentensi zinazoanza na "nahisi". Mjomba aliposimulia makubaliano yake na Msajili, wakiwa mezani, mama yake Mbunifu alishika kichwa kwa mikono miwili. Mbunifu hakushika kichwa. Aliuchukua mkono wa kulia wa mjomba akauweka kwenye ukingo wa meza.

"Hii ni reli ya ngazi," alisema. "Unene wake unaenea kwenye kiganja. Haikatiki katikati. Na haiishii pale ngazi inapoishia, inapita mbele kidogo, kama urefu wa rula ya mwanafunzi. Kwa hiyo reli ikiisha, ngazi imeshaisha. Mkono ukikosa cha kushika, mguu uko sakafuni."

"Sema tena."

"Reli ikiisha, ngazi imeshaisha."

"Sema polepole, kama unaapa. Nimetafsiri viapo vya watu wengi, namjua anayeapa na anayekariri."

Alirudia polepole. Mjomba akapitisha kiganja kwenye ukingo wa meza mpaka pembeni, mkono ukadondokea hewani, akacheka.

"Mama yako nilimfundisha kutembea mimi," alisema. "Leo binti yake ananifundisha kushuka. Haya, nimeipokea. Sitaiuliza tena."

Na hakuiuliza tena. Ndivyo alivyokuwa: neno akishalikubali, alilisimamia kwa uzito wake wote.

*

Ijumaa Mbunifu alifika mahakamani akiwa amechelewa kidogo. Mlinzi wa mlangoni akamwambia Msajili na Mzee wameshapanda.

"Amepanda kama mwenye nyumba," alisema mlinzi. "Sisi tuliokodoa macho ndio tuliojikwaa."

Chini ya ngazi alimkuta fundi aliyechomelea reli zote za jengo, mtu mfupi, mpana wa mabega, aliyejulikana kwa jina la Cheche. Mkoba wa vifaa ulikuwa begani. Amekuja kufunga kishikio cha choo cha watu wenye ulemavu, ghorofa ya kwanza, kazi pekee iliyokuwa imebaki.

"Habari za asubuhi, Mhandisi."

"Njema. Mimi si mhandisi, Cheche. Ni mbunifu."

"Kwa sisi wa mtarimbo, kila mwenye kofia isiyo na vumbi ni mhandisi."

Walipanda pamoja. Ngazi za jengo lile zilikuwa mbili tu, pana na zilizonyooka: moja ya kutoka chini hadi ukumbi wa ghorofa ya kwanza, nyingine ya kutoka ukumbi huo hadi ghorofa ya pili. Upande mmoja ukuta, upande wa pili wazi. Reli ya ukutani ilikuwa moja, imepanda tangu chini mpaka juu bila kukatika. Upande wa wazi kila ngazi ilikuwa na reli yake, juu ya nguzo zake. Anayetumia mkono wa kulia, akipanda hushika ya ukutani, akishuka hushika ya upande wa wazi. Kamusi alitumia wa kulia tu, kwa sababu bega lake la kushoto lilikuwa bovu na kwapa la kushoto lilibeba jalada kila siku ya kazi.

Yote hayo Mbunifu aliyajua, na hayakumtia wasiwasi. Jumanne alikuwa amepitisha kiganja chake kwenye reli ya wazi ya ngazi ya chini, akaikuta inavuka kidato cha mwisho kama alivyoagiza, akaridhika.

Katika ukumbi wa ghorofa ya kwanza Cheche alielekea chooni. Bomba la kishikio lilikuwa limeegemezwa ukutani karibu na mlango wa choo, refu, limeshapigwa msasa. Mbunifu alisimama mbele ya ngazi ya juu kumngoja mjomba wake. Akanyoosha mkono kushika reli ya upande wa wazi, kwa mazoea, bila kutazama.

Mkono haukukuta kitu.

Akatazama. Nguzo ya mwisho ilikuwa imesimamishwa juu ya kidato cha mwisho, na reli ilikuwa imekatwa papo hapo, ikafungwa kifuniko, kifuniko kikasuguliwa kwa uangalifu mkubwa. Ilikuwa kazi safi. Lakini kutoka pale mpaka sakafuni palibaki hatua nzima ya kushuka, na mkono wa mtu anayeshuka hutangulia mguu wake. Mtu akifika mwisho wa reli ile, mguu wake ungekuwa bado haujakigusa hata kidato cha mwisho. Kama mtu huyo ameambiwa kwamba reli ikiisha ngazi imeshaisha, angekanyaga hewa kwa imani kamili.

"Cheche," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo."

Fundi alikuja akijifuta mikono kwenye suruali.

"Hii ameikata nani?"

"Haijakatwa, Mhandisi. Ndivyo inavyoishia."

"Nilikwambia reli ivuke ngazi ya mwisho."

"Na imevuka. Si tumeipita sasa hivi?" Akanyoosha kidole chini, kule walikotoka. "Ukishuka, hii ni ngazi ya kwanza, ile ndiyo ya mwisho, ya kutokea mlangoni. Ile nimeivusha kama ulivyosema. Nikajiuliza kwa nini ile peke yake, nikasema labda ni pambo la mlangoni. Nyie mnaochora mna mambo yenu."

Ndipo Mbunifu akaikumbuka simu yao.

Michoro ilikuwa na reli za mbao. Mbao zilipokosekana, ikaamuliwa ziwe za chuma, na yeye akampigia fundi simu badala ya kuchora upya. Nyuma ya sauti ya Cheche kulikuwa na mashine ya kukatia chuma inayolia. Alipaza sauti: reli ivuke ngazi ya mwisho, urefu wa rula. Cheche akajibu: nimekupata. Yeye alisema ngazi akimaanisha kile kinachokanyagwa, kimoja kimoja. Cheche alisikia ngazi akaelewa ngazi nzima, tangu juu mpaka chini. Hakuna aliyedanganya wala aliyezembea kusikiliza. Na Jumanne, kati ya ngazi mbili, yeye alikwenda kukagua ile ambamo maana zote mbili zilikutana.

Juu yao mlango ukafunguliwa.

"Chumba kizuri," ilisema sauti ya Kamusi. "Kina mwangwi kidogo. Wekeni mapazia mazito, la sivyo kila shahidi nitamsikia mara mbili."

"Nitalikumbuka," alisema Msajili. "Mimi nitakuwa nyuma yako, Mzee. Sitasema kitu."

"Usiseme. Ukisema nitatafsiri."

Kisha Mbunifu akasikia mlio mdogo, pete ya ndoa ikigusa chuma. Kiganja kimetua kwenye reli. Kiatu cha kwanza kikashuka, cha pili kikafuata.

"Mwite," alinong'ona Cheche. Ameshaelewa, uso umembadilika. "Mwambie asimame."

"Nikimwambia, nimemwelekeza. Kazi yake imekwisha."

"Basi mdake akifika."

"Nikimdaka, nimemshika. Ni yaleyale."

"Sasa tumwache aanguke?"

Kusema kungemwangusha kazini, kunyamaza kungemwangusha mwilini, na nyonga ya mtu wa umri ule haiungwi kama bomba. Neno hilo la mwisho lilimgeuza kichwa. Akatazama mlango wa choo.

"Lile la kishikio ni unene uleule?"

"Yote ya fungu moja."

"Lete. Lisigonge kitu."

Cheche alilibeba kwa mikono miwili, kama mtu anayemhamisha mtoto aliyelala. Mbunifu alivua kofia akaiweka sakafuni, mbali na mguu wa mtu yeyote. Viatu vya juu viliendelea kushuka, bila haraka, kwa mwendo wa mtu anayesoma hukumu kwa sauti.

"Liegemeze kwenye kifuniko. Fuata mteremko wa reli."

"Bila kuchomelea?"

"Leo weldi ni sisi."

Cheche akapiga goti upande wa nje wa ngazi, nje ya njia, akashika ncha ya chini ya bomba kwa vidole vya mikono yote miwili na kuiinua ilingane na mteremko. Mbunifu alichuchumaa kwenye nguzo, akaibana ncha ya juu dhidi ya kifuniko. Alishika kwa chini tu, kwa ncha za vidole, ili mgongo wa bomba ubaki wazi. Ukilitazama kwa mbali ungesema reli imerefuka. Ukilitazama kwa karibu ungewaona watu wazima wawili wamejikunja chini ya chuma kama wezi wa taa za gari.

Sasa alimwona mjomba. Suti nyeusi, kidevu juu, jalada kwapani, ingawa siku hiyo hakukuwa na kesi. Msajili alikuwa nyuma yake, vidato viwili juu, kichwa kimeinama. Alikuwa akitazama miguu. Mtu anayengoja mwenzake ajikwae hatazami mikono.

Bomba lilianza kutetemeka. Mabega ya Cheche yalizoea kubeba, lakini yalizoea kubeba yakiwa yamesimama. Mbunifu alimtazama kwa ukali, na Cheche akajibu kwa kukunja uso: hata mimi sipendi.

Kiganja kilikuja kikiteleza juu ya chuma. Kilikuwa kiganja cha mtu wa ofisini, laini, kucha zimekatwa vizuri. Kikapita juu ya nguzo. Kikavuka kiungo. Kidole kidogo, kilichojikunja kwa chini kama kinavyojikunja kwa yeyote anayeshika reli, kikagusa ukucha wa Mbunifu.

Kamusi akasimama.

Mguu mmoja ulikuwa kwenye kidato, wa pili umeanza kuinuka. Hivyo ndivyo mjomba alivyosimama mahakamani aliposikia neno lenye njia mbili: hakugeuza kichwa wala kukunja uso, alisimama tu mpaka maana ijipange. Akiuliza "nani?", mambo yamekwisha. Nyuma yake Msajili naye akasimama, akinyoosha shingo.

Kiganja kikabana bomba, kikalegea. Kikaanza tena kushuka.

Uzito wa mzee ukaja juu ya bomba na Cheche akauma midomo. Ncha ya chini ilizama kidogo, akainua, ikarudi. Mguu ukagusa kidato cha mwisho. Kiganja kilikuwa bado kina cha kushika. Mguu wa pili ukatoka, ukashuka, ukaikuta sakafu pale sakafu ilipo. Ndipo bomba likaisha na mkono ukabaki hewani.

"Ghorofa ya kwanza," alisema Kamusi.

*

Msajili alikamilisha vidato vilivyobaki kabla ya kuona. Alimtazama Cheche aliyekuwa bado amepiga goti, kisha bomba, kisha Mbunifu.

"Hili ni jambo gani?"

Mbunifu alisimama. Magoti yalimuuma. Jibu jepesi lilikuwepo: mafundi wanamalizia kazi, Mheshimiwa, samahani kwa usumbufu. Msajili angenung'unika, mjomba angeshuka ngazi ya pili, jengo lingekabidhiwa mchana, na reli ingeungwa Jumamosi watu wakiwa makwao. Alilipima jibu hilo akaliona halishiki uzito. Kulikuwa na watu wengine ambao wangeshuka pale kabla ya Jumamosi.

"Reli ya ngazi hii inaishia kabla ya wakati," alisema. "Tumeugundua upungufu akiwa ameshaanza kushuka. Tukairefusha kwa mikono."

"Kwa hiyo amesaidiwa."

"Hapana. Jengo ndilo lililosaidiwa."

Msajili alisogea kwenye nguzo, akagusa kifuniko kwa kidole kimoja, akatazama hatua iliyobaki mpaka sakafuni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeona ajali kabla hazijatokea na kuwachukia wote waliohusika nazo.

"Nani aliyesababisha?"

"Mimi," alisema Cheche.

"Mimi," alisema Mbunifu wakati uleule. "Agizo nililitoa kwa simu. Nikakagua ngazi moja nikahesabu zote ziko sawa. Siwezi kukukabidhi jengo leo, Mheshimiwa."

"Unajua nani wamealikwa Jumatatu kwenye ufunguzi?"

"Najua. Na wao watashuka ngazi hii."

Kamusi hakuwangoja wamalize. Alikuwa amegeuka, ameinama, mkono wake wa kulia unarudi nyuma ukitafuta. Uliipata nguzo, ukapanda mpaka kwenye kifuniko, ukatoka pale ukashuka hewani mpaka kwenye sakafu. Uliipima njia hiyo mara ya pili. Alipojiinua uso wake ulikuwa umekwajuka.

"Nilidhani ni mchezo," alisema. "Nikasema reli ya watu hawa ina kucha, labda mpwa wangu amekuja kunitania. Kumbe ulikuwa umeshika shingo yangu."

"Mjomba..."

"Uliniambia reli ikiisha ngazi imeshaisha. Nikakwambia rudia. Ukarudia."

"Ndiyo."

"Sikukuuliza mara ya tatu. Hilo ni kosa langu." Sauti yake ilikuwa kavu, ile ya kazini. "Fundi yuko wapi?"

"Niko hapa, Mzee. Chini."

"Inuka, mwanangu, hujahukumiwa. Alikwambia nini kwenye simu? Maneno yenyewe, usinipe maana."

"Reli ivuke ngazi ya mwisho."

"Na wewe mpwa wangu, ulisema nini?"

"Hivyohivyo. Reli ivuke ngazi ya mwisho."

Kamusi aliyarudia maneno hayo kwa midomo tu. Kisha akapuliza pumzi kwa pua, na Mbunifu aliyemjua tangu utotoni akatambua kwamba hasira imepata mahali pa kukaa.

"Ningekuwa nimesimama kati yenu," alisema, "ningeomba ruhusa ya hakimu kuuliza: ngazi ipi? Ile unayoikanyaga au ile unayoipanda? Neno moja, mizigo miwili. Mmesikilizana vizuri kabisa, hamkuelewana hata kidogo. Ungesema kidato, binti."

"Angesema kidato cha mwisho," alisema Cheche, "mimi ningeanza kutafuta shule. Changu cha mwisho kilikuwa cha pili."

Mlinzi, aliyekuwa amepanda kuona kulikoni, alicheka. Msajili hakucheka, lakini alitazama pembeni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Turudi kwenye jambo letu," alisema. "Makubaliano yalikuwa ashuke bila kusaidiwa. Mbunifu anasema lililosaidiwa ni jengo. Mzee, wewe unasemaje?"

Mbunifu alimtazama mjomba wake akitamani, kwa mara ya kwanza maishani, aseme uongo mdogo.

"Ngazi ya juu haihesabiki," alisema Kamusi. "Nimeshika bomba la choo, limeshikwa na watu. Siwezi kusimama mbele yako nikatafsiri hilo kuwa reli. Ifute. Wakishaitengeneza nitaishuka upya mbele yako." Alihamisha jalada kwapani. "Lakini makubaliano yalikuwa mpaka mlango mkuu, na mlango mkuu uko chini. Bado kuna ngazi moja, nami bado nimesimama."

"Leo?" aliuliza Msajili. "Baada ya hili?"

"Nikiisubiri mpaka kesho, leo usiku nitaishuka kitandani mara mia. Afadhali mara moja."

Msajili alifikiri. "Masharti yaleyale," alisema mwishowe. "Hakuna kushikwa, hakuna kuelekezwa. Ukijikwaa, sitasikiliza habari ya reli. Na nyie wawili mtabaki hapa juu nami. Hakuna atakayetangulia."

Kamusi alikwenda. Aliutafuta mwanzo wa reli ya wazi kwa mgongo wa mkono, akaupata, lakini hakuushika mara moja. Vidole vilisimama juu ya chuma bila kutua. Mbunifu aliliona hilo, na lilimuuma kuliko maneno yote. Hakuna kanuni iliyomkataza kumwambia mjomba "hii iko sawa, niliikagua Jumanne", ila ile ya Msajili. Kisha akajiuliza kama angeweza kulisema hata angeruhusiwa. Jumanne alikuwa ameikagua. Leo alipanda akiwa ameshika ya ukutani, kama kila apandaye. Tangu Jumanne wamepita wapaka rangi, wabeba samani, wafunga taa. Mwisho wa reli ile haukuonekana kutoka pale aliposimama, ulizibwa na mteremko wake wenyewe.

"Ile iko sawa," alinong'ona Cheche.

"Una hakika?"

"Niliichomelea mwenyewe."

"Na hii iliyotukosesha pumzi ilichomelewa na nani?"

Kiganja kikatua. Pete ikagonga chuma. Kamusi akaanza kushuka, na safari hii hakushuka kama anayesoma hukumu. Alishuka kama anayesikiliza shahidi asiyemwamini: mguu, kituo, mguu, kituo. Bega lake lilishuka chini ya usawa wa ukumbi, kisha kisogo, kisha akatoweka, wakabaki na sauti peke yake. Ngozi ikiteleza juu ya chuma. Soli ikigusa kidato. Chini, mbele ya mlango mkuu, gari lilipita barabarani likazima sauti zote, na kwa muda huo Mbunifu hakujua chochote. Aligundua kwamba hali hiyo hakuwahi kuijua: kukosa ushahidi na kulazimika kungoja tu.

Gari likapotelea mbali. Soli iligusa kidato. Ngozi iliteleza. Soli ikagusa kitu kingine, kitu kipana, kisicho na mwangwi wa kidato, na ngozi ikaendelea kuteleza kidogo juu ya chuma, kama urefu wa rula ya mwanafunzi, kabla ya kunyamaza.

Walisubiri. Msajili mwenyewe alikuwa ameshika reli ya ukutani bila kujua.

"Hii," ilisema sauti kutoka chini, "haina kucha."